Kupima Mupangaji kwa Sahani ya Muchele

Nyinyi munaokaa nyuma ya meza ya komisio ya nyumba, na wale watakaokalia vile viti siku nyinyi mukipata kazi nzuri kuliko hii, mimi ni Bibi Mwamini. Hapa mutaa wa Kasuku wananiita Mama Kapita, musimamizi, mpaka leo, hata kama vyumba nilivyovichunga vimeshauzwa na pale pamekuwa depo ya simenti. Mumeniomba niandike namna tulivyokuwa tunapima mapato ya muntu kabla ya kumupa chumba. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa primeri, kwa hiyo mutanisamehe mistari ikipanda mulima. Lakini jina la muntu sijawahi kulisahau, na kazi hii, wajukuu, inataka majina kuliko hesabu.

Najua kilichowafanya muniombe. Ni mambo ya Riziki, yule muliyemukataza nyumba mara mbili kwa siku moja: mara ya kwanza kwa sababu ni tajiri, mara ya pili kwa sababu ni maskini. Nitafika pale. Musinikimbize.

Vyumba vilikuwa kumi, vya matofali ya kuchoma, mustari mumoja, choo mbili nyuma. Mwenyewe alikuwa Muzee Kalonda, mufanyabiashara wa mupunga. Alinunua kule Kailo, akauza hapa, na mimi nilikuwa napepeta muchele kwenye depo yake. Mwaka mumoja tumbo likamushika mpaka watu wakaanza kuuliza bei ya sanda. Akaapa kitandani: nikisimama, nitajenga vyumba kumi vya watu wa mapato madogo, na kodi haitapanda mimi nikiwa hai. Akasimama. Baadaye, kila mabati yalipovuja, alikuwa ananiambia, "Mwamini, ule ugonjwa ulinidanganya. Ningeahidi mbuzi."

Siku aliyonipa funguo, nilimuuliza nitajuaje muntu wa mapato madogo. Alikuwa anakula. Akaigawa sahani yake kwa kijiko, mafungu ine.

"Hii njo mwezi wa muntu," akasema. "Fungu moja nyumba inakula. Matatu yanabaki ya tumbo, nguo, dawa na shule. Nyumba ikitaka kula mafungu mawili, ule muntu atakimbia au watoto watalala njaa, na mimi sikuponeshwa ili nilaze watoto njaa. Umekataza."

"Na kama nyumba inakula kijiko kimoja tu?"

"Ule ana sahani kubwa. Aende kujenga yake. Umekataza pia."

Kwa hiyo mipaka ilikuwa miwili, wa chini na wa juu. Watu wanafikiri wa chini njo mugumu. Hapana. Wa juu njo ulinitukanisha.

Kulikuwa na Amisi, kreseri wa Kampene, muchimba mawe ya madini. Alikuja na godoro jipya kichwani, redio kwapani, saa mbili, moja kila mukono.

"Mama Kapita, nalipa mwaka muzima. Sasa hivi."

"Amisi, wewe ni tajiri. Huingii."

"Mimi?" Akaweka godoro chini. "Mimi tajiri? Uliza Kampene nzima!"

Barabara ikasimama kumusikia. Mwanaume anaapa kwa jina la mama yake kwamba ni maskini, huku anaangalia saa ya kushoto, kisha ya kuume, kama anataka zote mbili zimushuhudie. Nilimufukuza. Juma la tano akarudi. Saa hakuna, redio hakuna, miguuni ndara za kuazima, moja ya kike.

"Mama Kapita, sasa nimefikia kiwango?"

"Sasa umepita chini, Amisi."

"Chini tena?" Akakaa kwenye ngazi. "Basi mimi nilipita kwenye kiwango chako siku gani? Pengine nilikuwa nimelala."

Nikaenda kumueleza Muzee Kalonda huku nacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kreseri hapimwi kwa siku aliyookota jiwe, wala kwa siku alizorudi mikono mitupu. Changanya mwaka wote kwenye sufuria moja, koroga, kisha gawa sahani. Nikakoroga mwaka wa Amisi: jiwe moja kubwa, madogo mawili, homa mara tatu. Fungu moja likatosha nyumba, sawasawa kabisa. Akaingia chumba namba mbili, akakaa miaka sita. Kwa hiyo, vijana, mukimuona muntu wa mapato ya kuruka, musimupime akiwa hewani.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nimezunguka kwa Amisi kwa sababu pale nilikuwa mwerevu kidogo.

Muzee Kalonda hakuniambia hata siku moja kuomba karatasi. Ni mimi niliyeanza. Nilikuwa naona wanawake wa buro, ofisi ya serikali, wanavyoshika karatasi, wanavyoinyoosha kwa kiganja, wanavyosema "iko sawa" bila kumuangalia muntu usoni. Nilitamani ile sauti. Mimi niliyepepeta muchele, nikapenda karatasi kuliko waliosoma. Nikagonga musumari nyuma ya mulango wangu, na kila mupangaji alileta fishi, karatasi ya mushahara, au barua ya mukubwa wake, nikaitundika pale. Kusoma yote sikuweza. Nilikuwa naangalia muhuri. Muhuri wa duara niliuheshimu. Wa pembe ine nilimuambia muntu arudi kesho.

Aliyeleta karatasi nzuri kuliko wote alikuwa Bwana Gaspari, karani wa reli. Mihuri mitatu, duara yote. Nilimupa namba ine bila kumuuliza hata swali moja, nikamushukuru, kama yeye njo ananipangisha mimi.

Kisha vita vikaja. Treni ikalala. Barabara zikafungwa, na Muzee Kalonda aliyekuwa ameenda kutafuta mupunga akafungiwa kule mbali. Nikabaki peke yangu na funguo na musumari wangu. Watu walikuwa hawawezi kutoka kwenda shambani. Chumvi ilikuwa inakuja kwa ndege, ile ndege ikitaka. Bwana Gaspari alipiga pasi shati lake kila asubuhi, akaenda kukaa kwenye gari ya muoshi isiyotembea, akarudi saa kumi. Mushahara haukuja. Fishi yake ilibaki kwenye musumari, mihuri mitatu, safi. Sufuria yake ikawa safi pia.

Nyinyi mungefanya nini pale? Mungebadilisha kipimo. Mimi nilikaza kipimo. Nilisema moyoni, kama wenye karatasi wanateseka hivi, asiye na karatasi atakuwaje? Nikafunga mulango zaidi. Niliona hii ni akili.

Namba saba ilikuwa wazi. Muke aliyekaa mule alikuwa ameolewa ngambo ya muto. Ufunguo niliufunga kwenye ncha ya kikwembe changu, kitenge cha kiunoni, nikangoja muntu wa muhuri.

Aliyekuja ni Feza. Ametoka Kampene kwa miguu, watoto watatu, na tumbo la wa ine liko juu kabisa. Mume wake alikuwa kreseri, hakujulikana aliko. Miguu ya ule mwanamuke ilikuwa na rangi ya barabara.

"Mama, nimesikia hapa munapangisha watu wadogo."

"Wadogo wenye mapato," nikasema. "Kazi yako?"

"Nachoma majani."

Niliona ananicheka. Nikamuuliza, "Uko na karatasi?"

"Karatasi ya nani?"

"Ya mukubwa wako wa kazi. Au ya mukubwa wa kule ulikotoka."

Akawaangalia watoto wake, kisha akaniangalia. "Mama, wale waliotutoa kule hawakuandika."

Nilimupa maji. Nataka mujue nilimupa maji, kwa sababu miaka mingi hayo maji njo yalinisaidia kulala. Kisha nikamuambia, kwa ile sauti ya buro niliyoitamani, "Ukipata karatasi, rudi. Chumba kiko." Akanishukuru. Ndiyo, alinishukuru. Hakuna kitu kinachouma kama muntu unayemukosea akikushukuru kwa adabu.

Nilisikia amejisitiri sokoni, chini ya hangari, lile banda kubwa, pale wauza samaki walipokuwa wanauzia kabla samaki haijawa hadithi. Mimi nilipita njia ingine kwenda kutafuta sombe, majani ya muhogo. Ilikuwa njia ndefu. Nilisema ni nzuri kwa magoti.

Majuma matatu. Halafu asubuhi moja ya mvua, Bwana Gaspari akarudi kutoka njiani, hakufika steshoni. Shati lile la pasi lilikuwa limeshikana na mwili.

"Mama Kapita, ule mwanamuke uliyemufukuza amezaa. Juu ya meza ya samaki."

"Sikumufukuza, Bwana Gaspari. Nilimuomba karatasi."

Ule mwanaume hakuwahi kuniinulia sauti, na siku ile pia hakuinua. Aliingia chumbani kwake, akatoka na sufuria, akaigeuza juu chini mbele yangu. Hakukuanguka kitu, hata ganda la mupunga.

"Mimi niko na karatasi," akasema. "Angalia."

Nikatoka kwenye mvua. Ufunguo wa namba saba ulikuwa unanigonga kwenye nyonga kila hatua. Nyumba mita mia tatu, ufunguo kiunoni, na mutoto mezani. Nilipofika, wanawake wawili wa soko walikuwa wamemufunika kwa gunia. Feza alikuwa ameamka, mutoto kifuani, wa kike.

Akaniona. "Karatasi haijapatikana, mama."

"Twende," nikasema. "Chumba kiko."

"Ngoja." Akamutuma binti yake mukubwa alete kitambaa kilichofungwa fundo. Akakifungua kwa jino. Ndani kulikuwa na unga wa kijivu. "Lamba kwanza. Usiseme nimeingia bure. Hii njo fishi yangu."

Nikalamba. Chumvi. Wajukuu, nilikuwa nimekaa miezi miwili nakula sombe isiyo na chumvi, na ile ilinifika mpaka masikioni.

Majani aliyosema anachoma yalikuwa majani ya muto, yale yanayoelea. Alikuwa anayaanika, anayachoma, majivu anaweka kwenye chungu chenye matundu, anamwagia maji kidogo kidogo, maji yanadondoka mekundu kama chai, anayachemsha mpaka sufuria inabaki na unga. Hata kutoka ile hangari alikuwa anauzia nusu ya muji. Wauza sombe, wanajeshi, masista, wote. Kama ningekoroga mwezi wake na kugawa sahani, angeingia namba saba na kubaki na mafungu matatu makubwa. Alikuwa na mapato kuliko Bwana Gaspari, kuliko Amisi, kuliko mimi. Aliniambia kwa mudomo wake: nachoma majani. Nilishindwa tu kuuliza, unayachoma yanakuwa nini?

Aliingia namba saba siku ile. Mutoto akaitwa Riziki. Bwana Gaspari akawa anamuchotea Feza maji ya muto na kumukatia kuni, kwa chumvi na chakula, shati limekunjwa mikono. Siku moja nilimusikia Feza anamuuliza, "Bwana karani, kwa kazi hii nikuandikie fishi?" Akajibu, "Weka na muhuri wa duara, Mama Kapita anaupenda." Walinicheka mwaka muzima, nikastahili.

Nilitoa karatasi zote kwenye musumari. Nikatundika kikapu cha vitunguu. Toka pale, muntu akija kuomba chumba, nilikuwa namukalisha, namupa maji, namuuliza: jana mulikula nini? Na juzi? Na kesho mutakula nini, na kitatoka wapi? Mwenye mapato anajibu haraka hata kama ni sombe tupu. Muongo anaanza na nyama. Asiye na kitu anajibu jana, anajibu juzi, kwa kesho anaangalia chini, na huyu usimufukuze: muulize mikono yake inajua nini. Kisha nilikuwa naenda mwenyewe kule anakokaa, saa ya kupika, kusalimia tu. Naangalia anavyonunua makala ya kupikia, kwa gunia au kwa kopo. Naangalia kamba ya nguo kama sabuni imepita. Naangalia miguu ya watoto kabla ya viatu vya baba. Ikiwa viatu vya baba vinang'aa na miguu ya watoto imepasuka, ule baba mapato anayo, lakini hayafiki nyumbani, basi chumba naandikisha kwa jina la mama. Hii hakunifundisha muntu.

Sasa Riziki. Feza amelala, Mungu amupumzishe. Riziki ni mama wa watoto watatu, anauza mikate ya mafuta asubuhi na muchele mchana. Alikuwa anapanga chini kule, karibu na maji. Muto ulipopanda mwaka jana ukuta mumoja ulienda nao. Wakaweka turubai. Mvua ingine ilikuwa inakuja, na nyumba mpya za bei ndogo, zenu hizi zenye rangi, zilikuwa zinagawiwa. Akajaza formu. Jibu likaja kwenye telefone: mapato yamezidi kiwango.

Alikuja kwangu anacheka, lakini kile kicheko kilikuwa cha mama yake siku ya "karatasi haijapatikana". Nikavaa kikwembe kizuri, tukapanda pikipiki ya motari mumoja watu wawili, tukaja kwenu. Trezori, kiongozi wa komisio, alikuwa anakula mukate wa Riziki. Naandika hivi ili ajue nakumbuka.

"Bibi, mimi simukatazi," Trezori alisema. "Hiki kibao cha kompyuta njo kinakataa. Angalia. Telefone yake kila Jumamosi inapokea pesa za watu kumi na moja. Muntu anayepokea hivi ni mufanyabiashara mukubwa."

"Ni likelemba, mujukuu wangu. Wanawake kumi na mbili wanaweka pamoja kila Jumamosi, mumoja anachukua yote, juma lingine mwingine. Mama yako hachezi?"

"Anacheza."

"Anaweka kwa nani?"

"Kwa jirani, Mama Stela."

"Huyo Mama Stela ni tajiri?"

Akacheka kidogo. "Nyumba yake inavuja kuliko yetu."

"Basi. Wanawake wanachagua muntu asiyekula cha wenzake, wanaweka pesa kwenye telefone yake. Uaminifu wake kwenye kibao chako umekuwa mali."

Akakuna kichwa. "Lakini nitahakikishaje, Bibi? Kila muntu anaweza kusema ni likelemba."

"Fuata kwenye kibao, kila Jumamosi pesa zilienda kwa nani; mimi nitataja majina. Usinionyeshe."

Likelemba yao wanafanyia kwenye kiwanja changu; kila Jumamosi nakaa pale nachambua muchele, nasikia. Nikageuza kiti nikaangalia ukuta, nikaanza. Ya kwanza ilienda kwa Zaina wa mafuta ya mawese. Ya pili Odeta mushonaji. Ya tatu Salima, muke wa motari mwenye pengo. Ya ine Asha mukubwa, ya tano Asha mudogo, wasiosemeshana. Ya sita ilikuwa ya Mariamu, lakini Juliana alifiwa, wakamupisha mbele, Mariamu akachukua ya saba na mudomo umevimba. Ya nane Bernadeta wa shule. Ya tisa Mwajuma, ya kumi Fatuma dada yake, ya kumi na moja Kristina wa pilipili. Nilikuwa nasikia ukucha wa Trezori unashuka kwenye kioo, unasimama kila jina.

"Na ya kumi na mbili?" akauliza.

"Haijatoka. Ni ya Riziki. Anayeshika anakula wa mwisho."

Binti wa meza ya pili, aliyekuja kuchungulia kibao, akasema polepole, "Yote iko sawa." Trezori akatoa zile pesa za wenzake kwenye formu, akabaki na mikate na muchele tu, akabonyeza. Kisha akaangalia kile kibao kama kimemutapikia.

"Nini?" Riziki akauliza.

"Kinasema... mapato hayafikii kiwango."

Riziki akaweka mikono magotini. "Asubuhi nilikuwa tajiri," akasema. "Sijakaa hata kwenye kiti cha utajiri wangu, umeisha."

Binti wa meza ya pili alicheka, kisha akaona haya. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikia mvua ile ya sokoni, na nyuma ya ile meza naona wananitazama watu wema, wapole, wanaotoa maji kwa wageni. Walinipa kiti na maji ya chupa. Mimi pia nilitoa maji.

"Trezori," nikasema, "wewe ukijaza ile formu, ungeingia?"

Akaangalia mulango. Akashusha sauti. "Bibi, kontra yangu ya kazi inasema ndiyo. Mufuko wangu unasema tungoje. Ni mwezi wa tatu bila mushahara."

"Nilikuwa na mupangaji kama wewe. Mihuri mitatu." Nikamueleza sufuria ya Bwana Gaspari. Nikamueleza meza ya samaki, na nani alizaliwa pale juu. Riziki alikuwa anaijua ile hadithi kwa mama yake, lakini kwa mudomo wangu hakuwahi kuisikia. Hakuniangalia. Nilisema yote, na ufunguo kiunoni pia. Kisha nikasema, "Wanawake kumi na moja, wengine hawana hata kesho, wanamuachia huyu pesa yao ya kula. Na nyinyi munaogopa kumuachia chumba?"

Trezori akapigia mukubwa wake telefone. Wakasemezana Kifaransa muda mrefu. Akarudi akasema kuna kisanduku mwisho wa formu, kinaitwa Mengineyo, hakuna muntu aliyewahi kukijaza. Nafasi ni mistari mitatu, na shahidi atie sahihi.

Akaandika: watu kumi na moja wanamuachia pesa kila juma, hajakosa hata mara moja. Akauliza, "Niandike nini tena?"

"Muulize jana alikula nini."

"Muchele na sombe," Riziki akajibu, haraka. "Na kesho ni maharagi. Yameshalowekwa."

Akaandika muchele na sombe, na maharagi. Nikatia sahihi kwa herufi zangu kubwa, zikatoka nje ya mustari. Kibao kikataka mapato ya shahidi. Nilimuambia Trezori asituharibie siku.

Hayo njo mambo, wajukuu. Viwango muwe navyo. Muzee Kalonda alikuwa navyo, bila viwango vyumba vingejaa wenye saa mbili. Lakini kiwango ni sahani, si muntu. Gawa, kisha inua macho. Na wale wanaokuja na jibu ambalo hulielewi, nachoma majani, nashika likelemba, uliza swali moja zaidi kabla ya kutoa maji.

Riziki alipewa namba ishirini na moja. Siku ya kuhama nilienda, si kwa kubeba, kwa kuangalia tu. Alikuwa na godoro kichwani, mutoto mugongoni, na chungu cha mama yake, kile chenye matundu, mukononi. Akafika mbele yangu akaninyoshea vidole viwili vyenye ufunguo.

"Bibi, nishikie kidogo."

Nikaushika. Mukono mwingine ukaenda wenyewe kwenye ncha ya kikwembe, kuufunga pale, kazi ya miaka mingi. Nikaukataza. Ufunguo niliubeba wazi kwenye kiganja mpaka mulangoni, nikamurudishia.